Namba ya GMC unayo, sa nani anakuonyesha kazi ya GP?

Kila nikifungua WhatsApp kuna daktari wa nyumbani ananiuliza habari za Uingereza, na maswali nayajua hata kabla hajamaliza kuandika. Shikamoo dada, PLAB (mtihani wa usajili wa madaktari waliosoma nje) naanzia wapi, mitihani ya Kiingereza ya OET na IELTS ipi nafuu, viza inatoka baada ya muda gani, mshahara wa kuanzia unalisha watu wangapi. Najibu wote, kwa sababu na mimi kuna watu niliwasumbua hivohivo. PLAB ya kwanza maswali 180 kwa masaa matatu, ya pili unaenda Manchester unazunguka vyumba 16 kila chumba dakika nane, IELTS wanataka 7.5 na isishuke chini ya 7 popote. Hayo yote yako kwenye tovuti ya GMC, baraza linalosajili madaktari Uingereza, bure kabisa, lakini sawa, mtu anapenda kusikia kwa mtu.

Ambaye sijampata mpaka leo ni yule anayeuliza, dada, nikishapata nafasi ya mafunzo ya GP, ile wiki ya kwanza ndani ya kliniki inakuwaje? Na hapo ndo watu wetu wanapoumia, sio kwenye PLAB.

Niweke sawa kitu kimoja kwanza maana kinachanganya. Nyumbani tukisema "yule ni GP tu" tunamaanisha kamaliza MD, kafanya intern, hajaenda kusomea ubingwa. Huku GP ni ubingwa wenyewe. Unasoma miaka mitatu baada ya kuwa umeshafanya kazi kama daktari, muda mwingine uko hospitali muda mwingine kliniki ya mtaani, unafanya mitihani ya chuo cha GP kinaitwa RCGP, na ukimaliza we ndo mlango wa kila kitu, mgonjwa hawezi kujipeleka kwa daktari bingwa wa moyo kisa anajisikia, lazima apite kwako umuandikie rufaa. Daktari aliyeko kwenye mafunzo haya wanamuita rejistra, nami nitamuita hivohivo.

Sasa miaka ya karibuni karibu nusu ya wanaoanza hayo mafunzo Uingereza wamesomea udaktari nje. Nigeria, India, Pakistan, Misri, Sudani, na sisi wa Afrika Mashariki wachache wachache. Ukifikiria si jambo geni sana, hii NHS, huduma ya afya ya umma ya huku, imeanza Julai 1948 na kwenye miji ya viwanda na mitaa ya maskini ambako Waingereza wenyewe hawakutaka kufungua kliniki, waliobeba udaktari wa mtaani miaka ya 60 na 70 ni Wahindi na Wapakistani. Mi niko Leicester nafundisha rejistra, na hapa kuna kichekesho kimoja ambacho rejistra kutoka nyumbani huwa haamini, unaita mgonjwa anaingia bibi wa Kigujarati kavaa sari na sweta, anasoma jina lako kwenye mlango, anakuuliza "habari yako daktari, wewe wa Tanganyika?" Kiswahili cha Kisumu cha mwaka 1960 hicho, hakijapitwa na wakati hata kidogo. Wengi walikuja kutoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 60, wengine Amin aliwapa siku 90 waondoke Uganda mwaka 1972, na halmashauri ya Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaambia wasije hapa. Wakaja. Sasa ndo wanatufundisha sisi wapi kuna unga mzuri.

Turudi kwenye mada.

Ninachotaka kusema ni hiki, madaktari wetu hawakwami kwa kutojua udaktari, na msaada upo, ila unakuja umechelewa. Rejistra anafika, anapewa password ya kompyuta, anaonyeshwa choo na chumba cha chai, anaambiwa karibu sana, baada ya wiki kadhaa anaona wagonjwa peke yake. Kila mtu anamwambia uko vizuri. Mwaka wa tatu anafeli mtihani, ndo vikao vinaanza, kozi za mawasiliano, supavaiza wa ziada, muda wa ziada, fomu za rangi zote. Yale anayofundishwa baada ya kufeli yangefundishwa mwezi wa kwanza kwa gharama ya chai na saa mbili za mtu.

Na si kwamba wanaosimamia mafunzo hawajui. Tofauti ya ufaulu kati ya waliosoma hapa na waliosoma nje inajulikana miaka mingi. Enzi hizo kulikuwa na mtihani unaitwa CSA, unaenda London karibu na Euston unaona wagonjwa 13 wa kuigiza dakika kumi kumi. Mwaka 2013 profesa Aneez Esmail wa Manchester alipewa na GMC kazi ya kuchunguza matokeo, akakuta pengo ni kubwa mno, na hakuweza kuondoa uwezekano kwamba upendeleo wa rangi una mchango wake. Chama cha madaktari wenye asili ya India, BAPIO, kikapeleka kesi mahakama kuu. Aprili 2014 jaji akasema mtihani ni halali, kesi wakashindwa, lakini akasema pia kama hawajapata ushindi wa kisheria basi wamepata mafanikio ya kimaadili, na chuo kina kazi ya kufanya kuhusu hilo pengo. Covid ilipoingia CSA ikafa, ikaja ya kurekodi wagonjwa halisi, na tangu Novemba 2023 iko SCA, wagonjwa 12 wa kuigiza kwenye skrini dakika 12 kila mmoja, unafanyia hukohuko kliniki kwako. Mtihani umebadilika jina mara mbili, pengo bado lipo.

Nikupe mfano wa kitu chenyewe kinavyoonekana kwa karibu. Kuna vitu vidogo nimevibadilisha ili mgonjwa asijulikane.

Rejistra wangu mmoja, kijana wa Kanda ya Ziwa, mzuri kweli, mikono yake ukimuona anavyopima kifua unajua huyu kapita wodi zenye wagonjwa wawili kitanda kimoja. Tulikuwa tunaangalia video, maana sehemu ya mafunzo ni kurekodi mgonjwa kwa ruhusa yake halafu mnakaa na supavaiza mnaangalia pamoja. Kaingia mama wa miaka sitini na kitu, mkoba kaupakata. Kikohozi siku kumi. Anasema usiku kinambana mpaka anatapika. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "na Jumapili nilikuwa kwa binti yangu nimembeba mjukuu, ana wiki mbili." Kijana macho yako kwenye kompyuta, anaandika, anauliza "makohozi yana rangi gani?"

Baada ya hapo kila kitu kilienda vizuri kama kitabu. Oksijeni 98, hana homa, mapafu yako safi mbele na nyuma. Akamwambia ni virusi, antibayotiki haihitajiki, kunywa maji, ikizidi rudi. Mama akauliza "kwa hiyo hakuna shida?" Hakuna shida. Akanyanyuka, akashika kitasa, akasimama kidogo, akaondoka.

Nikairudisha video pale kwenye mjukuu nikamuuliza hapa alikuwa anakwambia nini? Kimya. Nikaicheza tena. Mara ya tatu akashika kichwa akasema "kifaduro."

Kifaduro! Na mwaka huo ni 2024, kifaduro kilikuwa kimerudi Uingereza kwa nguvu na kuna watoto wachanga walikuwa wanakufa. Kijana anakijua kifaduro kuliko mimi, kakiona kwa macho, daktari mwenzake wa hapa pengine kakisoma tu. Kwamba ni ugonjwa wa kutolea taarifa, anajua. Kwamba ndani ya wiki mbili za mwanzo dawa inasaidia mgonjwa asiambukize wengine, anajua. Jioni ileile alimpigia mama, akampa dawa, tukatoa taarifa kwa watu wa afya ya jamii, binti na mtoto wakafuatiliwa, kipimo baadaye kikarudi hakina kitu. Sawa. Lakini angalia kilichotokea, elimu yote ilikuwepo, kilichokosekana ni sikio kwenye ile sentensi ya mjukuu.

Na kwa nini sikio halikuwepo? Sio uzembe. Huyu kijana kafanya kazi OPD, wagonjwa wa nje, ambayo foleni inaanza saa kumi na mbili asubuhi na kufika saa sita mchana unakuwa umeona watu hamsini. Pale mgonjwa akianza habari za mjukuu, binti, mkwe, unamkata kwa upole unarudi kwenye kikohozi, vinginevyo watu wa mwisho hawaonwi. Ule ni ustadi, na nyumbani unaokoa maisha. Huku habari za mjukuu ndo kazi yenyewe. Hakuna mtu aliyemwambia hivo waziwazi, walimwambia tu "jitahidi kwenye mawasiliano," kana kwamba tatizo ni Kiingereza. Kiingereza chake kizuri, kapata IELTS nzuri kuliko watu wengine waliozaliwa hapahapa nadhani.

Halafu kuna hizi kozi za kulipia. Zinawafundisha watu sentensi tatu za kukariri, una mawazo gani kuhusu tatizo lako, una wasiwasi gani, unategemea nikufanyie nini. Zinarushwa zote kwa mpigo kama maswali ya afisa wa forodha Namanga. Mgonjwa anajibu, we ndo daktari, we niambie. Wala hakosei! Nawaambia rejistra wangu msikariri, msikilize mgonjwa alichokwisha kusema halafu umrudishie, "umesema ulimbeba mjukuu, hilo linakupa mawazo?" Basi. Imeisha hapo, na mtahini akisikia hivo anaridhika kuliko sentensi kumi za kozi.

Jambo la pili ni mrejesho, na hili linanikera zaidi kuliko yote.

Nyumbani raundi kubwa profesa anakuchamba mbele ya wagonjwa, manesi, wanafunzi na mfagizi. Sisemi ni nzuri, watu wameacha fani kwa sababu ya ile. Lakini ukitoka pale unajua ulichokosea. Huku supavaiza Mwingereza atakwambia "nimependa sana ulivyofanya, labda siku moja ungefikiria kuangalia na upande huu." Mtu wetu anarudi nyumbani anamwambia mkewe leo nimesifiwa. Kumbe yule mzee kamwambia kosa kubwa na anategemea kuona limerekebishwa kesho. Baada ya miezi mitatu anaandika kwenye potifolio, yaani faili la mafunzo, kwamba rejistra hapokei ushauri, na rejistra anasoma anashangaa, ushauri upi? GMC walifanyisha utafiti uliotoka 2019 kuhusu kwa nini madaktari weusi na wa Kiasia wanashtakiwa na waajiri wao zaidi ya mara mbili ya weupe, na moja ya sababu ilikuwa hii hii, mabosi wanaogopa mazungumzo magumu na watu wasiofanana nao, hawasemi mapema, mambo yanarundikana mpaka yanakuwa kesi.

Upande wetu nasi tuna letu. Ukimuuliza rejistra wa nyumbani "umeelewa?" atajibu ndiyo. Amelelewa hivo, mkubwa akiuliza umeelewa jibu ni ndiyo, utaenda kutafuta mwenyewe baadaye. Kumuita supavaiza wa miaka 60 kwa jina lake la kwanza, kavukavu, bila hata Dokta mbele, inachukua miezi. Nina mdogo wangu mmoja toka Tanga alimaliza mwaka mzima anakwepa kumtaja bosi wake kwa jina lolote, anasubiri wakutane macho ndo aanze kuongea. Tulicheka sana aliponiambia, lakini fikiria maana yake, kama kumtaja huwezi, kumbishia utaweza? Na huku unategemewa ubishe. Ukiona dawa aliyoandika bosi inagongana na nyingine ukanyamaza kwa heshima, heshima hiyo haitakutetea popote.

Kwa hiyo mi siulizi umeelewa. Namwambia, sa niambie mgonjwa anayefuata kama yule utamfanyaje. Hapo inajulikana. Na mrejesho nautoa kwa Kiswahili kama ni mtu wa nyumbani, moja kwa moja, tukiwa wawili na mlango umefungwa, "mdogo wangu hapa umeboronga, na hapa umenizidi hata mimi." Kwa wasio wa nyumbani nawaambia siku ya kwanza kabisa kwamba mimi nikisema labda, maana yake fanya.

Kuna sheria ambazo kila mtoto wa hapa kakua nazo na hamna anayefikiri kwamba wewe huzijui. Binti wa miaka 15 kaja peke yake anataka vidonge vya uzazi wa mpango, na akiwa na uelewa wa kutosha unaweza kumpa bila mama yake kujua, kesi ya Gillick mwaka 1985 ndo iliyoweka msimamo. Rejistra wetu akiwa na binti wa umri huo nyumbani hapo roho inamuuma kwelikweli, na ni haki imuume, lakini lazima akae na mtu azungumze hiyo roho kabla binti hajaingia chumbani, sio baada. Mgonjwa kaanguka kifafa mara ya kwanza, unamwandikia rufaa vizuri kabisa, umemwambia asiendeshe gari? Miezi sita angalau, na awataarifu watu wa leseni, na usipoandika kwenye faili kwamba umemwambia ni kama hukusema. Familia ya mzee mwenye saratani wanakuvuta pembeni wanasema usimwambie, na wewe umetoka mahali ambako ndugu ndo wanaambiwa kwanza. Huku mzee ndo mwenye mwili, anaulizwa yeye anataka kujua kiasi gani na nani aambiwe.

Hata ED, cheti cha kupumzika kazini. Nyumbani ED mtu anaililia, unampa siku tatu mapumziko. Huku siku saba za kwanza mfanyakazi anajiandikia mwenyewe, hakuhitaji, na tangu 2022 hata nesi na mfamasia wanaruhusiwa kusaini cheti. Rejistra asiyeambiwa hivo atamaliza dakika zake kumi anabishana na mtu aliyepaswa kuambiwa tu kaka, nenda kajaze fomu yako.

Na magonjwa yenyewe. Mtu anakuja na uzoefu wa malaria kali, kifua kikuu, kifafa cha mimba, kashafanya upasuaji wa kujifungua usiku peke yake wilayani, anakaa kwenye kiti anaingia mama wa miaka 51 anataka homoni kwa sababu halali, anatokwa jasho na ndoa inatetereka. Hajawahi kuandika hizo homoni maishani mwake. Anafuata mtu mwenye sonona, anafuata mzee anayesahau njia ya kurudi nyumbani, anafuata mtu wa mgongo. Kujiona mjinga kwenye kazi uliyoifanya miaka minane ni kitu kibaya sana kwa binadamu, na watu wanakificha, wanacheka chumba cha chai wanalia kwenye gari.

Gari lenyewe nalo! Kazi ya GP ina kutembelea wagonjwa majumbani, na leseni ya Tanzania au Kenya inatumika miezi 12 tu tangu uhamie, baada ya hapo unafanya mtihani wa hapa, na foleni ya huo mtihani ni ndefu balaa. Nimeona daktari aliyeendesha Land Cruiser Dodoma mpaka Singida barabara ya vumbi enzi hizo anafeli kwa sababu hakuangalia kioo cha pembeni mara ya pili. Ukifika tu wiki ya kwanza omba leseni ya mwanafunzi na ukamate tarehe. Nyumba ya kupanga wanataka mdhamini au miezi kadhaa mbele kwa sababu huna historia ya mkopo hapa, akaunti ya benki wanataka anuani, anuani wanataka akaunti, shule ya mtoto mpaka halmashauri ipange. Daktari ambaye mtoto wake hajapata shule hawezi kusikiliza habari za mjukuu wa mtu. Ndo maana mimi mkutano wa kwanza na rejistra hatuongelei potifolio kabisa, tunaongelea umelala wapi, watoto wako wapi, mkeo au mumeo anafanya nini mchana kutwa kwenye hiki kibaridi.

Wiki mbili za kwanza simpi wagonjwa wake. Nampeleka kwanza mapokezi akae na wale kina dada nusu siku asikilize simu zinavyoingia saa mbili asubuhi, aone mgonjwa kapitia vita gani mpaka kupata ile nafasi, kwa sababu hapo ndo ataelewa kwa nini mtu anaingia amekasirika tayari. Kina dada wa mapokezi wanajua mtaa wote, nani kafiwa, nani anatoka jela, nani akisema ni dharura ujue kweli. Halafu kwa mfamasia wa kliniki, hapo jifunze dawa zinavyorudiwa kila mwezi na kwa nini hatugawi antibayotiki ya Azuma kila kikohozi wala hatupigi sindano ya ceftriaxone ya kuanzia. Kwa nesi wa sukari, kwa wakunga, kwa wale wauguzi wanaohudumia wanaofia nyumbani. Halafu tunaona wagonjwa pamoja chumba kimoja, siku nyingine mimi naongoza yeye anaangalia siku nyingine kinyume chake, na akianza peke yake anapewa nusu saa kwa kila mgonjwa, tunapunguza polepole akiwa tayari yeye, sio kalenda ikiwa tayari. Kila mwisho wa zamu tunakaa tunapitia wagonjwa wote, hata wale rahisi, hasa wale rahisi.

Wenzangu wengine wanasema hii ni kudekeza. Meneja mmoja aliniuliza nani analipia huo muda. Nikamwambia mafunzo ya mtu mmoja yakirefushwa nusu mwaka kwa kufeli nani analipia?

Pia namtafutia mtu aliyepita njia hiyohiyo mwaka au miaka miwili nyuma, asiwe bosi, asiwe anamjazia fomu yoyote. Maswali mengine mtu hawezi kuniuliza mimi hata nikiwa mpole vipi, kwa mfano nimevaaje siku ya kwanza, mgonjwa kanikataa kwa rangi nifanyeje, nikipeleka chakula changu chenye harufu jikoni kwao itakuwaje. Hilo la kukataliwa kwa rangi jibu lake ni kwamba kliniki inabidi iwe imeshaamua kabla halijatokea, isiwe kazi ya rejistra kujitetea mwenyewe mbele ya mgonjwa. Liulize siku ya kwanza. Ukiona wanatazamana, umejua uko wapi.

Wapo watakaosema mbona unawasaidia kuondoka, nyumbani nani atabaki. Swali la haki. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya iliyotolewa 2023, na Tanzania imo, kwa hiyo waajiri wa Uingereza hawaruhusiwi kuja Dar kufanya matangazo ya kuwinda madaktari. Mtu akiomba mwenyewe haizuiliwi. Na mimi siwindi mtu, sina hata posho kwa hilo. Ila najua kuna vijana wamemaliza intern wamekaa mtaani miaka wanasubiri ajira serikalini, siwezi kumwambia mtu kama huyo akae akisubiri kwa uzalendo wangu mimi niliyeko Leicester. Akishavuka maji naona ni wajibu afanye kazi vizuri na asivunjike.

Cha kuwaambia mnaopanga kuja sasa ni kwamba mlango unabana. Mpango wa afya wa miaka kumi uliotoka Julai 2025 umesema wahitimu wa vyuo vya Uingereza, na wengine waliokwisha fanya kazi NHS kwa muda wa maana, ndo watatangulizwa kwenye nafasi za mafunzo ya ubingwa. Watu wanafaulu PLAB wanakaa mwaka bila kazi, nawaona. Usiuze kiwanja bila kuongea na mtu aliyefika mwaka huu, usiongee na mimi tu niliyefika zamani.

Na kwa mlioko ndani tayari, kuna shimo moja mwishoni ambalo kila mwaka linameza watu. Mafunzo ya GP ni miaka mitatu, ukaazi wa kudumu kwa muda mrefu umekuwa ukiombwa baada ya mitano. Ukimaliza, viza yako ilidhaminiwa na mafunzo, mafunzo yameisha, na kliniki nyingi za GP ni biashara ndogo za watu wawili watatu ambazo hazijawahi kuwa na leseni ya kudhamini viza. Una cheti cha GP mkononi, wagonjwa wanakosa daktari, na wewe unatafuta mwajiri kwa saa ya ukutani. Wameongeza miezi minne baada ya kumaliza mafunzo ili mtu apate pumzi, ni msaada, ila miezi minne ni midogo. Hiyo leseni kwa taasisi ndogo ada yake ni pauni mia kadhaa, inaombwa mtandaoni, kinachowatisha mameneja ni makaratasi na kutojua. Kwa hiyo usisubiri mwaka wa tatu. Ukiwa wa pili, ukishaona kliniki unayoipenda nao wanakupenda, mfuate meneja muulize leseni mnayo? Kama hana mwambie nitakaa na wewe tujaze, na kama anasitasita muonyeshe bili ya madaktari wa vibarua aliyolipa mwaka jana.